Nikeli, rodi au kobalti? Kuchagua njia na kichocheo cha kugeuza bayogesi ya Dodoma kuwa gesi sanisi

Vijana watatu waliomaliza shahada ya kemia walinijia nyumbani Nkuhungu Jumamosi moja. Mmoja wao kwao ni Kongwa, kwenye ng'ombe. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa wakafungua daftari. Wana mtambo wa bayogesi wa kuba, ule wa kujengewa ardhini, wana samadi isiyokwisha, na inawauma kuona gesi inayobaki baada ya kupika ikiachiliwa hewani. Wanataka kuipitisha juu ya kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa, kilichopashwa moto mkali, ili methani na hewa ukaa zilizomo zigeuke gesi sanisi, yaani mchanganyiko wa haidrojeni na kaboni monoksaidi. Viwandani gesi hiyo ndiyo unga wa kupikia methanoli, dizeli ya kutengeneza na kemikali nyingine nyingi. "Mwalimu," aliniambia yule wa Kongwa, "tumesoma mpaka tumechanganyikiwa. Kila andiko linasifia kichocheo chake."

Nimeandika hapa niliyowaambia, na machache niliyoyakumbuka walipokwisha kuondoka. Msimamo wangu ni huu: anayechagua kichocheo cha kazi hii aangalie masizi kwanza, yaani kaboni inayojaa juu ya kichocheo, kasi baadaye. Karibu kila kichocheo kinachosifiwa kina kasi ya kutosha kikiwa kipya. Kinachotofautisha ni hali yake baada ya wiki.

Kabla ya yote, kama shida yako ni jiko, choma gesi yako jikoni. Methani ikichomwa hutoa kilojuli 802 kwa kila moli. Kuigeuza kwa hewa ukaa kunakudai kilojuli 247 kwa kila moli ndipo mmenyuko uende, karibu theluthi ya nguvu ya methani yenyewe. Joto hilo halipotei, linaingia ndani ya gesi sanisi, lakini lazima ulitoe mahali kwanza, na ulitoe ukiwa kwenye nyuzi 800 au zaidi. Kwa hiyo kazi hii inamfaa mwenye lengo la kutengeneza kitu, au anayejifunza ili kesho atengeneze. Na gesi ya ziada isiyo na kazi ichomwe badala ya kuachiliwa, maana methani hewani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 25 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa ukipimwa kwa miaka 100.

Kavu, mvuke, oksijeni, au mseto

Njia ni nne, na vijana wangu walikuwa tayari wameipenda moja kwa sababu ya jina lake. Njia kavu huchanganya methani moja na hewa ukaa moja, na kutoa haidrojeni mbili na kaboni monoksaidi mbili. Haitumii maji. Mtu wa Dodoma akisikia "haitumii maji" moyo wake unalainika papo hapo. Mji huu hupata mvua ya milimita 500 na ushei kwa mwaka na kwa miaka mingi umetegemea visima vya Makutupora. Sote tunajua mgao wa maji maana yake nini.

Tulikaa tukapiga hesabu pamoja. Ili kupata mita moja ya ujazo ya bayogesi unahitaji takriban kilo 25 za samadi mbichi, nawe unaikoroga na maji kiasi kilekile, lita 25. Gesi hiyo ina methani asilimia 60 hivi. Ukiigeuza kwa mvuke, hata ukiweka mvuke mara tatu ya methani kama viwanda vinavyofanya, utatumia maji lita moja na nusu tu, na sehemu yake unaipata tena gesi ikipoa. Yaani mchanganyiko wa samadi umeshakunywa zaidi ya mara kumi na tano ya hayo, na ng'ombe mwenyewe hatujamhesabu. Maji si sababu ya kuchagua njia kavu. Ukitaka kuokoa maji, anzia kwenye shimo la samadi: tumia mkojo wa ng'ombe, rudisha maji ya tope lililokwisha kuchachuka.

Sababu ya kweli ya kuipenda njia kavu ni kwamba hewa ukaa tayari imo ndani ya bayogesi, karibu asilimia 40, na hapa inageuka malighafi badala ya kuwa takataka ya kuchujwa. Lakini tazama hesabu tena. Katika lita 100 za bayogesi kuna methani 60 na hewa ukaa 40. Arobaini zinaoana na arobaini. Methani 20 zinabaki bila mwenzi, na methani isiyo na mwenzi kwenye nyuzi 800 huvunjika, ikaacha haidrojeni iende na kaboni ibaki juu ya kichocheo. Hayo ndiyo masizi. Kwa hiyo bayogesi ya ng'ombe, kwa maumbile yake, haifai kwa njia kavu tupu. Inadai mvuke kidogo wa kuoana na zile 20 zilizobaki.

Njia ya mvuke ndiyo mkongwe. Viwanda vimeitumia tangu miaka ya 1930 na haidrojeni nyingi ya mbolea duniani hutoka huko. Inadai joto pungufu kidogo, kilojuli 206 kwa moli, na hutoa haidrojeni tatu kwa kila kaboni monoksaidi moja. Kwa atakaye haidrojeni tupu hiyo ni baraka. Kwa atakaye methanoli, ambayo inataka mbili kwa moja, ni ziada isiyo na kazi.

Njia ya oksijeni huchoma methani nusunusu na hutoa joto lake yenyewe, hivyo tanuri halihitaji kuni wala umeme likishawaka. Sitaizungumzia sana. Ukitumia hewa ya kawaida, karibu asilimia 40 ya gesi utakayopata ni nitrojeni isiyosaidia kitu, na ukitumia oksijeni safi unaingia gharama ya mitungi ambayo, kwangu mimi, kazi yake ya kwanza ipo wodini. Tena methani na oksijeni kwenye bomba moja si mchezo wa wanaoanza.

Inabaki njia mseto: bayogesi yako kama ilivyo, na mvuke wa kiasi. Zile lita 100 zikiongezwa lita 20 za mvuke, kila kitu kikienda sawa, hutoa kaboni monoksaidi 100 na haidrojeni 140. Ukiongeza mvuke zaidi uwiano unapanda kuelekea mbili. Unakuwa na kitasa cha kuzungusha, na njia kavu tupu haina kitasa hicho. Njia kavu hukupa haidrojeni moja kwa kila kaboni monoksaidi moja na mara nyingi hata chini ya hapo, kwa sababu sehemu ya haidrojeni hurudi kupambana na hewa ukaa na kugeuka maji. Kwa Kongwa nilichagua mseto, wala sikusita.

Masizi ni adui wa siku zote

Wajerumani Franz Fischer na Hans Tropsch walijaribu mmenyuko huu wa methani na hewa ukaa mwaka 1928 kwa nikeli na kobalti, na tatizo walilolikuta ni lilelile: kaboni inajaa juu ya kichocheo. Karibu miaka mia imepita na bado tunalizungumzia.

Masizi yana milango miwili. Wa kwanza ni huo wa methani kuvunjika, na unafunguka kadiri joto linavyopanda. Wa pili ni kaboni monoksaidi mbili kukutana na kugeuka hewa ukaa moja na kaboni moja, nao unafunguka joto linaposhuka chini ya nyuzi 700 hivi. Ndiyo maana mtu anayeendesha mtambo kwenye nyuzi 600 ili aokoe umeme hujikuta pabaya: mmenyuko anaoutaka haujachangamka, masizi yamechangamka. Kwenye nyuzi 850 hadi 900, kwa shinikizo la kawaida la hewa, zaidi ya asilimia 90 ya methani inaweza kugeuka na ule mlango wa pili unakuwa umefungwa.

Niliwahi kusimamia tyubu ndogo ya majaribio, nikeli juu ya alumina (oksidi ya alumini) ya kawaida, gesi kavu bila mvuke. Saa ya kwanza tulifurahi sana. Jioni ya siku hiyohiyo shinikizo la kuingilia lilianza kupanda, na usiku gesi ikagoma kabisa kupita. Tulipoikata tyubu asubuhi tulikuta imejaa unga mweusi ulioshindiliwa kama mkaa wa jiko, na punje za kichocheo zimepasuka kutoka ndani. Nyuzinyuzi za kaboni huota chini ya chembe ya nikeli, zikainyanyua na kuibeba kileleni, kisha zikavunja punje nzima. Nikeli iliyopo kileleni bado inafanya kazi, ndiyo maana vipimo vya gesi havikutuonya mapema. Tangu siku hiyo naangalia shinikizo kuliko ninavyoangalia mavuno.

Sasa vichocheo vyenyewe

Rodi na rutheni, metali adimu za jamii ya platinamu, ndizo hodari. Hazipendi kubeba kaboni ndani yake kama nikeli inavyofanya, kwa hiyo masizi huwa machache sana, na asilimia nusu hadi moja ya uzito inatosha. Ukisoma andiko linaloonyesha mstari wa mavuno ulionyooka kwa mamia ya saa, mara nyingi moja ya hizi imo. Tatizo ni bei, na bei yenyewe haitulii. Mwaka 2021 rodi ilipita dola 20,000 kwa aunsi, yaani zaidi ya dola 600 kwa gramu. Nikeli nayo ilikuwa na siku yake ya wazimu Machi 2022, ilipogusa dola 100,000 kwa tani kwenye soko la metali la London na biashara ikasimamishwa. Hizo ni senti 10 za dola kwa gramu. Chukua gramu 100 za kichocheo katika siku mbaya kuliko zote za kila metali: ya rodi kwa nusu asilimia ingekula zaidi ya dola 300, ya nikeli kwa asilimia 10 ingekula dola moja. Rutheni ni nafuu kuliko rodi, lakini bado ni metali ya kufungiwa kabatini. Platinamu ipo katikati: ngumu kwa masizi, ghali, na chembe zake hukusanyika joto likikaa juu muda mrefu.

Kuna jambo moja linalosahaulika. Metali ghali nazo huuawa na salfa. Ukimwaga bayogesi isiyoondolewa salfa juu ya rodi, umeunguza pesa bila kupata funzo lolote.

Kobalti peke yake simshauri mtu. Hushika oksijeni upesi, na ikishaoksidika usingizi wake ni mzito. Uzuri wake unaonekana ikichanganywa na nikeli, kwa sababu hiyo tabia ya kushika oksijeni husaidia kuunguza masizi kabla hayajaota. Mchanganyiko wa nikeli na kobalti ni hatua ya pili nzuri kwa maabara iliyokwisha kuielewa nikeli.

Basi nikeli. Wahenga walisema rahisi ghali, na usemi huo una ukweli wake hapa: nikeli ya bei ndogo juu ya kibebeo kibovu itakugharimu tyubu, wiki na moyo wa kazi. Lakini tatizo hilo lina dawa, na dawa yenyewe ipo kwenye kibebeo zaidi ya kwenye metali.

Kibebeo ni ile oksidi inayobeba chembe za nikeli. Alumina ya kawaida ina vitundu vingi na ni rahisi kuipata, ila ina uchachu, yaani tabia ya asidi, na uchachu hualika masizi. Tena joto likizidi nikeli hujizika ndani yake. Magnesia, yaani oksidi ya magnesi, ni kinyume chake, ina ubesi, na hewa ukaa yenye uchachu huivutia ikae jirani na nikeli. Hewa ukaa ikikaa jirani, kaboni inayojitokeza inaunguzwa palepale. Zaidi ya hapo, oksidi ya nikeli na oksidi ya magnesi zina umbo moja la kifuwele na huyeyukiana kwa uwiano wowote. Ukiipasha magnesia yenye nikeli ndani yake kwa haidrojeni kwenye nyuzi 800 au zaidi, nikeli hutoka polepole kwa chembe ndogondogo zilizoshika mizizi. Na udogo ndio siri, kwani chembe ikiwa chini ya nanomita 10 hivi hupata taabu kuotesha nyuzi za kaboni.

Oksidi ya lanthani hufanya kazi inayofanana. Oksidi ya seri ina uwezo wa kutoa oksijeni yake na kuirudisha, kama ghala dogo linalofunguliwa wakati wa njaa. Ukiongeza kidogo ya mojawapo, masizi hupungua kweli. Mimi huongeza seri baadaye, magnesia ikishanipa msingi.

Mwaka 2020 jarida la Science lilitoa kazi ya timu iliyoongozwa kutoka Korea Kusini: chembe za nikeli na molibdeni juu ya magnesia ya kifuwele kimoja, zilizofanya kazi saa 850 kwenye nyuzi 800 bila masizi ya kugundulika. Chembe zilitambaa zikakwama kwenye kingo za fuwele, na kingo ndipo masizi huanzia, hivyo zikawa zimeziba palepale panapovuja. Nilipoisoma mara ya kwanza nilirudia ukurasa. Kwa anayechagua leo Dodoma, hata hivyo, ni njia ya kuifuata kwa macho: magnesia ya namna hiyo hutengenezwa kwa kuunguza chipsi za magnesi ndani ya hewa ukaa, kazi inayotaka maabara imara na mkono uliozoea.

Nikeli pia ina neno la kwetu. Jiwe la kijani la Haneti, krisopresi, linalochimbwa huko Itiso na kuvaliwa pete, ukijani wake ni nikeli. Chumvi ya nikeli utakayoiyeyusha kutengenezea kichocheo ina ukijani wa jamaa hiyohiyo. Na Kabanga kule Ngara kuna moja ya hazina kubwa za nikeli duniani ambazo hazijaanza kuchimbwa kwa wingi. Magnesaiti, mawe ya kutengenezea magnesia, yapo Chambogo wilayani Same. Hatutengenezi kichocheo kwa kusaga pete, lakini kijana anayejifunza nikeli juu ya magnesia anajifunza kitu ambacho ardhi ya nchi yake inacho.

Gesi yako imetoka wapi?

Hapa ndipo uamuzi mwingi huharibika, kwa sababu watu huchagua kichocheo kabla ya kuijua gesi. Bayogesi ya samadi ya Kongwa na ile inayoweza kutoka kwenye taka za machinjio ya Kizota si moja. Damu na matumbo yana protini nyingi, na protini huleta haidrojeni salfaidi kwa wingi, ile harufu ya yai viza. Hata ya samadi inaweza kuwa na sehemu elfu moja au zaidi kwa milioni, wakati nikeli ingependa chini ya moja. Gesi ya dampo la Chidaya au ya majitaka ya Swaswa inaongeza mgeni mwingine, siloksani kutoka kwenye sabuni na vipodozi, ambazo zikiungua huacha mchanga mwembamba wa silika juu ya kichocheo. Mchanga huo hautoki tena.

Kwa samadi, chujio la oksidi ya chuma linatosha kwa hatua ya kwanza. Nyuzi laini za chuma zilizoshika kutu, zikipangwa ndani ya bomba la plastiki, hufanya kazi hiyo. Nyuma yake weka kaboni amilifu. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kichocheo cha aina yoyote, na hakuna metali niliyoitaja inayokuondolea kazi hii. Kwa Chidaya na Swaswa ningemwambia mtu aanze na kuchoma kwenye jenereta, aache gesi sanisi hadi awe na uwezo wa kupima siloksani.

Uchaguzi wa Kongwa

Tulikubaliana hivi. Njia mseto, nyuzi 850, shinikizo la kawaida. Nikeli asilimia 10 juu ya magnesia, itengenezwe na wao wenyewe, kwa kuwa chumvi ya nikeli inaagizika na tanuri la umeme la maabara lipo. Gramu 50 za kuanzia. Mvuke uanzie sawa na nusu ya methani, juu kidogo ya hesabu, upunguzwe pole kwa pole huku shinikizo la kuingilia likitazamwa. Kundi hilo la kichocheo likifika saa 200 bila shinikizo kupanda, ndipo waongeze seri au kobalti na kulinganisha kwa gesi ileile, siku zilezile.

Anayefanya utafiti wa chuo na ana fedha ya vifaa, akitaka kujua mmenyuko wenyewe bila masizi kumvuruga, achukue rutheni kidogo kama kipimo cha kulinganishia. Anayetaka haidrojeni tupu atumie mvuke mwingi na nikeli ya viwandani inayouzwa tayari. Njia kavu tupu namwachia mwenye hewa ukaa ya ziada kutoka kwingine, au anayetafuta gesi yenye haidrojeni na kaboni monoksaidi sawasawa kwa kemikali inayoidai hivyo.

Kabla hawajaondoka niliwazuia mlangoni kwa jambo la kuzima mtambo. Kaboni monoksaidi haina harufu na inaua mtu akiwa amekaa, kwa hiyo kingora chake kinunuliwe kabla ya kichocheo, na kazi ifanyikie bandani palipo wazi. Kubwa kuliko hilo, gesi hiyo ikipita juu ya nikeli iliyopoa chini ya nyuzi 200 hivi, inaweza kutengeneza nikeli kabonili, mvuke wenye sumu kali sana hata kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo bayogesi ifungwe tyubu ingali na moto, nitrojeni ipitishwe mpaka ndani pawe safi, ndipo iachwe ipoe. Na kichocheo kilichotumika kisitolewe kikavu hewani, maana nikeli laini hushika moto yenyewe. Yule wa Kongwa aliandika hilo kwa herufi kubwa, akanirudishia daftari nihakiki, nikamwongezea chini yake: mtungi wa nitrojeni upimwe uzito kila asubuhi kabla ya kuwasha.